Mkisema bodi "inasapoti kamera" semeni kwa kerneli ipi

Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee hizi kompyuta za bodi moja na kamera zake, maana watu wananunua halafu wanakwama na hakuna aliyewaambia mapema. Ukurasa wenu wa teknolojia ukizitaja hizi bodi huwa mnaandika tu "inasapoti kamera", mnalitoa vilevile kwenye tangazo la muuzaji, na hilo neno kwa kweli ndani yake halina kitu kama hamsemi ni kwa kerneli ipi, yaani kile kiini cha mfumo wa Linux kinachoongoza vifaa.

Mimi nilinunua bodi moja, nikachomeka kamera yenye sensa ya IMX219, ile ya megapikseli 8, nikaweka Linux mpya kabisa. Kucheki nikaiona /dev/video0, faili ambalo Linux hulipa kifaa cha video, nikafurahi, kumbe ile ni ya chipu ya kufungulia video wala haihusiani na kamera. Picha hakuna. Dmesg, ile orodha ya taarifa za kerneli, inasema draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, imeshindwa kusoma namba ya chipu ya sensa. Nikapima kwa i2cdetect, programu inayoonyesha vifaa vinavyojibu kwenye nyaya za bodi, kwenye anwani 10 ambapo sensa hiyo hukaa naona vistari tu, yaani hakuna kilichojibu, nikajua kamera imekufa, karibu niagize nyingine. Hapa ndipo wengi wanapoteza hela jamani, kwa sababu sensa nyingi hazipati umeme mpaka draiva iziwashe yenyewe, kwa hiyo vistari peke yake havithibitishi kwamba kamera ni mbovu. Kwangu tatizo lilikuwa kebo bapa, upande wenye vimistari vya shaba ulikuwa umegeukia plastiki badala ya kugusa pini. Nikazima bodi, nikainua kile kilango cha soketi taratibu kwa kucha maana kinavunjika upesi, nikageuza kebo, nikawasha. Safari hii pale kwenye 10 zikatokea herufi UU, yaani draiva imeshaishika sensa.

Sasa picha ikaja, ya kijani na giza totoro. Sensa ya aina hii haitoi picha iliyoiva kama kamera ya USB, inatoa data ghafi ambayo kila pikseli ina rangi moja tu, na kuna sehemu ndani ya prosesa inaitwa ISP ndiyo inajaza rangi zilizobaki na kusawazisha mwanga. Draiva ya hiyo ISP mtengenezaji ameiandikia kerneli yake mwenyewe ya 5.10, toleo lililoanza Desemba 2020, kwenye kerneli kuu, ile rasmi ya Linux inayotumiwa na wote, hajaipeleka. Nimejaribu libcamera, programu ya kamera za Linux, ifanye kazi hiyo bila ISP kwa kutumia prosesa, picha inatoka vizuri tu ila prosesa inachemka na video inakatakata. Kwa hiyo mtu unabaki kuchagua, ama kamera nzuri na kerneli iliyotelekezwa, ama kerneli mpya na kamera ya kubahatisha, wakati tangazo lilisema inasapoti.

Hili linaniuma kwa sababu vijana wengi wanaanza kujifunza na hivi vibodi, mtu anakesha siku tatu anajiona hana akili kumbe draiva haipo kabisa kwenye kerneli aliyoweka.

Ombi langu Mhariri, waandishi wenu wakiletewa bodi wamuulize muuzaji sensa gani imejaribiwa, kwa kerneli namba ngapi, na draiva ya ISP iko kwenye kerneli kuu au kwenye ya kwake tu. Akishindwa kujibu, andikeni hivyo hivyo kwamba ameshindwa kujibu.

Msomaji wenu wa kila wiki