Tela nalo lihudumiwe kabla ya safari ndefu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze neno juu ya makala mliyochapa hivi karibuni kuhusu kuliandaa gari kwa safari ndefu. Sina ugomvi na lolote lililosemwa humo kuhusu oili, maji ya rejeta, betri na mikanda. Kilichonisikitisha ni kwamba mwandishi aliishia kwenye bampa ya nyuma, kana kwamba hakuna msafiri anayefunga tela na kuondoka nalo, ilhali wapo wengi wanaovuta boti, mizigo ya familia, mifugo, au chumba cha kulala njiani.

Gari lina njia nyingi za kumlalamikia mwenyewe. Huwasha taa kwenye dashibodi, hubadilisha mlio, hutetemesha usukani, na kilomita zake hujihesabu mpaka siku ya sevisi ifike. Tela halina hata kimoja katika hivyo. Kwa kuwa halina injini, watu hudhani halina cha kuharibika. Na hata beringi zake, yaani vyuma vinavyorahisisha mzunguko wa magurudumu, zikianza kulia, hulia mita kadhaa nyuma ya masikio ya dereva, katikati ya kelele za upepo na matairi, kiasi kwamba mara nyingi anayegundua hatari wa kwanza ni dereva wa gari lingine anayepita akipiga honi na kuonyesha kidole. Zaidi ya hayo, tela huzeeka likiwa limesimama. Gari likikaa miezi sita bila kuwashwa, mwenyewe huingiwa na wasiwasi. Tela likikaa miezi hiyohiyo, huonekana limepumzika.

Nami nilikuwa na imani hiyo. Tela langu la ekseli moja, yaani chuma cha kukingama kinachobeba magurudumu, lilikaa karibu mwaka mzima juani, na siku ya safari nililizunguka mara moja, nikaona kashata za matairi, yaani meno yanayoshika barabara, bado nene, nikajaza upepo, nikafunga mizigo. Saa ya tatu ya safari, jua likiwa kali, tairi la kushoto lilipasuka kwa kishindo ambacho nilidhani ni cha lori lililokuwa likinipita, na vipande vyake viking'oa bati la matope na kukata nyaya za taa. Hatukuumia. Fundi aliyekuja kutusaidia hakuniuliza habari za barabara wala mwendo. Aliinama, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi, akasoma tarakimu nne, kisha akaniambia kwamba tairi lile lilikuwa na miaka 11.

Tarakimu hizo ndizo ningependa kila mwenye tela azijue. Hukaa mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati mbaya upande huo unaweza kuwa wa ndani, jambo linalomlazimu mtu kulala chini na tochi. Matairi ya gari hutembea kila siku na kuisha kashata kabla mpira haujazeeka, lakini ya tela hukaa mahali pamoja yakibeba uzito uleule, yakipigwa na jua, mpira ukikauka na kupata nyufa ndogo ubavuni, huku kashata zikibaki kama mpya. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuyabadilisha yakifika kati ya miaka 5 na 7 hata kama hayajawa kipara. Anayesubiri kipara kwenye tela anasubiri dalili ambayo huenda isije kamwe.

Upepo nao una kanuni yake. Hupimwa kwa geji tairi likiwa baridi, kabla ya safari kuanza, wala si kwa kulipiga teke wala kwa jicho. Tairi lenye upepo pungufu hupinda ubavu kila linapozunguka, kupinda huko huzalisha joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za tairi. Kwenye tela hatari huongezeka kwa sababu matairi yake mara nyingi hubeba mzigo ulio karibu na kikomo chake. Usipunguze upepo ukikuta umepanda katikati ya safari, kwa kuwa hilo ni jambo la kawaida tairi likipata moto. Itazameni pia herufi ya mwendo iliyo ubavuni, ambayo L ni kilomita 120 kwa saa na M ni 130. Yapo matairi maalumu ya matela, hasa ya Amerika ya Kaskazini, ambayo yasipokuwa na alama ya mwendo mkubwa zaidi yamekusudiwa kutozidi maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105, wakati gari linaloyavuta linaweza kupita mwendo huo bila dereva kuhisi chochote.

Baada ya matairi huja beringi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo uzembe unapojificha vizuri zaidi. Kanuni inayotumiwa sana ni kufungua kitovu cha gurudumu mara moja kwa mwaka, au kila kilomita 20,000 hivi, lolote litakalotangulia. Beringi husafishwa, hukaguliwa kama zina mikwaruzo au rangi ya bluu inayotokana na kuungua, hushindiliwa grisi mpya mpaka ndani, na sili ya nyuma inayozuia grisi kutoka hubadilishwa. Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kusukuma grisi kupitia chuchu iliyo kwenye kifuniko cha kitovu mpaka waridhike. Siwalaumu, lakini grisi ikizidi huweza kuisukuma sili, ikapita na kuingia kwenye breki, na breki iliyopakwa grisi si breki tena. Wenye matela ya boti wana tatizo lao: kitovu kilichopata moto barabarani kikizamishwa majini ghafla, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka, na kutu huanza kazi siku hiyohiyo. Ni afadhali kusubiri vitovu vipoe kabla ya kurudi nyuma kuingia majini.

Kipimo cha nyumbani ni chepesi. Weka kabari kwenye gurudumu la upande wa pili, inua tela kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize kama linakwaruza, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza kupita kiasi, safari isubiri. Ukishalivua na kulirudisha, kaza nati kwa kurukaruka upande mmoja hadi mwingine, kwa spana ya kupimia nguvu kama ipo, na uzikaze tena baada ya kilomita kati ya 50 na 100. Agizo hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote, na magurudumu mengine hung'oka njiani si kwa sababu fundi hakukaza, bali kwa sababu hakuna aliyerudia.

Kuhusu breki nitasema kwa ufupi, kwani matela hutofautiana. Mengi yana breki zinazofanya kazi kwa msukumo: gari linapopunguza mwendo, uzito wa tela husukuma mtaimbo wa mbele kuingia ndani, nao huvuta breki za magurudumu. Mtaimbo ukiwa mkavu au una kutu, tela litagonga gari badala ya kusimama nalo. Mengine yana breki za umeme zenye betri ndogo ya dharura, ambayo kazi yake ni kulisimamisha tela likichomoka, na betri hiyo ikiwa imekufa mfumo mzima wa dharura umebaki pambo. Kwa aina zote mbili, kamba ya dharura, ile inayovuta breki tela likichomoka, ifungwe kwenye gari mahali imara.

Sehemu ya kunasia ina mtego ambao wengi hawaujui. Tufe la chuma la kuvutia katika nchi nyingi lina kipenyo cha milimita 50, na la Marekani linalofanana nalo ni la inchi 2, yaani milimita 50.8. Kichwa cha tela kilichotengenezwa kwa inchi 2 kikivalishwa tufe la milimita 50 kitafunga, na jicho halitaona kosa, lakini kitacheza, na kwenye tuta kinaweza kuruka. Soma ukubwa uliochapwa kwenye vyote viwili. Ukishafunga, tumia gurudumu dogo la mbele la tela kuinua kichwa. Kama sehemu ya nyuma ya gari inainuka pamoja nacho, kimenasa. Minyororo ya usalama ipishane kama msalaba chini ya ulimi wa tela, yaani mkono wa mbele wenye kichwa cha kunasia, ili kichwa kikichomoka kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami, na isiwe mirefu kiasi cha kuburuzwa na kurusha cheche. Taa zikifanya vituko, kwa mfano indiketa inawaka pamoja na taa ya breki au zote zinafifia, anza kukagua waya wa ethi kabla ya kununua balbu.

Lipo jambo moja ambalo si matengenezo kwa maana halisi, nalo ni upakiaji, ila siwezi kuliacha kwa kuwa hata tela lisilo na kasoro huweza kuua likipakiwa vibaya. Uzito mkubwa ukikaa nyuma ya ekseli, ulimi hupungukiwa na uzito, na tela huanza kuyumba kulia na kushoto, hasa kwenye mteremko au linapopitwa na basi. Asilimia 60 hivi ya mzigo ikae mbele ya ekseli, vizito vikiwa chini na karibu nayo. Huko Amerika ya Kaskazini hushauriwa uzito unaoshuka kwenye tufe uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa, kwa hiyo tela la kilo 1,000 lishushe kilo 100 hadi 150. Ulaya viwango ni vya chini zaidi, na popote ulipo kikomo cha gari lako ndicho kinachotawala. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo ushuke wenyewe. Nimewasikia madereva wakongwe wakifundisha kukanyaga mafuta ili kulinyoosha tela. Huo ni ushauri wa kumwongezea mwendo mtu ambaye tayari mwendo umemshinda. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu nako hulifanya tela limsukume pembeni. Mwenye breki za umeme anaweza kuzivuta za tela peke yake kwa mkono.

Siku hizi mimi husimama baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili. Napeleka mgongo wa mkono karibu na kila kitovu nikilinganisha kushoto na kulia, kwani joto la wastani pande zote mbili si ajabu, bali upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake beringi au breki ya hapo inadai jambo. Nabeba pia gurudumu la akiba la tela lenyewe, maana la gari mara nyingi haliingii, pamoja na ubao wa kuweka chini ya jeki. Siku ile ya kishindo nilikuwa na jeki nzuri iliyokuwa ikizama mchangani kila nilipoizungusha.

Ikiwa dawati lako la magari litarudi kwenye mada hii, naomba picha ya tarakimu zile nne za tairi ipewe nafasi kubwa kuliko picha ya gari.

Wako katika safari,
Msomaji mwenye tela