Kitabu Nilichokivika Karatasi ya Kaki

Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumapili, baada ya alasiri.

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na mwenzio na watoto, na kwamba mama anaendelea kupata nafuu. Sisi huku hatujambo.

Pamoja na barua hii utapokea kitabu tulichokizungumza, au niseme kitabu ulichoniambia hukihitaji kwa kuwa unakijua tayari. Maneno yako nimekuwa nayo wiki nzima. Ulisema kila mtu anajua kwamba Lolita ni hadithi ya mwanamume wa makamo aliyepagawishwa na kigori mtundu, na kwamba kwa umri wetu huoni faida ya kuingia nyumba ambayo umeshaviona vyumba vyake vyote kupitia dirishani. Nilitaka kukujibu papo hapo kwenye simu, nikajizuia, kwa sababu jibu langu ni refu na sikutaka likatike katikati. Jibu lenyewe ni hili: hayo unayoyajua si habari za kitabu, bali ni utetezi wa mshtakiwa, uliokufikia kabla ya kesi kuanza kusikizwa.

Utakiona kitabu kimevikwa karatasi ya kaki, kwa mikunjo ile ile tuliyofundishwa tukiwa darasa la kwanza, na juu yake, mahali ambapo mtoto huandika jina, darasa na somo, nimeandika kwa kalamu ya wino: Dolores Haze. Tafadhali usiivue karatasi hiyo mpaka umalize. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake si mbali na Marikiti, na jalada lake lina midomo ya msichana iliyopakwa rangi nyekundu, na peremende ya kijiti. Siku hiyo hiyo nilikuwa nakwenda Likoni kumtazama shangazi, nikakifungua kivukoni. Kijana mmoja aliyesimama karibu yangu alilitazama jalada, akalitazama baibui langu, kisha akatabasamu kama mtu aliyenifumania. Hakuna ukurasa aliousoma, lakini alikuwa na hakika ya ninachokisoma na ya sababu ya kukisoma. Nilikirudisha mkobani, na usiku ule ule nikatafuta kaki na mkasi.

Mwandishi mwenyewe, Vladimir Nabokov, aliliona hilo mapema. Mwaka 1958, toleo la Marekani lilipokuwa linaandaliwa, alimwandikia mchapishaji wake kwamba hataki kabisa picha ya msichana kwenye jalada, na toleo hilo likatoka bila picha. Baadaye wachapishaji wengi hawakulijali ombi hilo. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1962, bango lake lilimwonyesha msichana aliyevaa miwani myekundu yenye umbo la moyo, na tangu hapo miwani hiyo imekuwa ndiyo sura ya kitabu duniani kote, ingawa haimo kitabuni, na hata ndani ya filamu yenyewe haimo. Mamilioni ya watu wanaijua miwani hiyo, wala hawajui kwamba mtoto anayesimuliwa ana miaka 12.

Wewe unajua jinsi kanga inavyosomwa jina kabla ya kutazamwa rangi. Mtu akipita na kanga yake, tumeshalisoma neno lililoandikwa na tumeshahukumu anamsema nani. Lakini jina la kanga huchaguliwa na anayeivaa, au na aliyemtunza. Jina la kitabu hiki hakulichagua yule binti. Mama yake humwita Lo, shuleni ni Dolly, na kwenye karatasi za kutia saini ni Dolores. Lolita ni jina la mtu mmoja tu, naye ni yule mwanamume, Humbert Humbert, anayelitumia kwa ajili ya starehe yake, na analitangaza hivyo waziwazi mwanzoni kabisa mwa simulizi yake. Kwa hiyo kila tunapolitamka jina hilo kwa kuwa ndilo tulijualo, tunamwita mtoto wa watu kwa jina alilobandikwa na aliyemnajisi. Kamusi za Kiingereza zimekwenda mbali zaidi, zikalifanya neno la kawaida lenye maana ya msichana mdogo mwenye kutamanisha wanaume. Fikiria hilo kwa utulivu, shoga: neno la mshtakiwa limeingizwa kwenye kamusi kana kwamba ni ukweli wa ulimwengu, na mtoto hakuulizwa.

Jina lake la kweli, Dolores, asili yake ni Kihispania, na maana yake ni maumivu, majonzi. Angezaliwa huku kwetu angeitwa Tabu. Nimewahi kuwa na kina Tabu na kina Shida katika daftari langu la mahudhurio, na kila asubuhi ninapoita majina husubiri mtoto aitike, kwa kuwa jina bila sauti ya mwenyewe ni mstari tu wa wino. Ndani ya riwaya hii imo orodha ya darasa la Dolores, majina yamepangwa kwa alfabeti, naye yumo katikati ya wenzake. Humbert anaisoma orodha hiyo kama shairi la mapenzi. Mimi niliisoma kama mwalimu, nikaona watoto wa darasa moja, mmoja wao akiwa amechukuliwa.

Watu husema lisemwalo lipo. Katika jambo hili lisemwalo halipo. Kitabu kizima ni maandishi ya mtu aliyeko korokoroni kwa kosa la kuua, akiwahutubia wasomaji kama wazee wa baraza watakaomhukumu. Ana elimu, ana lugha tamu ajabu, anajua lini acheke na lini alie. Anakwambia kwamba binti ndiye aliyemshawishi, na anakwambia kwa uzuri kiasi kwamba ukurasa mzima hupita kabla hujagundua umetikisa kichwa kukubali. Lakini kwa kuwa mwandishi aliyeko nyuma yake ni mwerevu kumshinda, ukweli unamponyoka msimulizi kidogo kidogo, katika vishazi vya mwisho wa sentensi, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki. Baada ya ukurasa baada ya ukurasa wa safari yao ya mwaka mzima ndani ya motokaa, barabara, hoteli na mandhari ya Marekani, anataja kama jambo la kupita tu kwamba binti alikuwa akilia kwa kwikwi kila usiku, mara tu alipodhani yeye Humbert amelala. Kila usiku. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikaenda kusimama barazani, na ilinichukua muda kurudi ndani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halijaniacha. Humbert humpa binti senti za posho kwa masharti usiyohitaji kuelezwa, kisha anakuja kugundua kwamba anaziweka akiba, naye anaingiwa na hofu kwamba akiba hiyo ni nauli ya kutorokea. Anamvizia, anapekua vitu vyake, na siku moja anazikuta noti nane za dola moja moja zimefichwa ndani ya kitabu chake, nacho ni Kisiwa chenye Hazina, hadithi ambayo nasi tunayo kwa Kiswahili. Anauona mfano huo kuwa wa kupendeza, kwamba hazina imefichwa ndani ya kitabu cha hazina. Mimi niliona dola nane za mtoto anayetaka kuondoka. Nieleze, ni nani kati ya wote waliokusimulia kitabu hiki aliyekutajia hizo dola nane?

Hili halikuwapata watu wa mbali peke yao. Unakumbuka nakala ile ya Rosa Mistika iliyokuwa ikizunguka bwenini, haina jalada, kurasa zimekunjwa pale pale palipotafutwa na kila mmoja? Tulijua tayari kwamba ni kitabu kichafu, tulijua kwamba kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na kwa kujua hivyo tukasoma kurasa saba au nane tu, chini ya blanketi, kwa tochi. Nilikirudia nikiwa mwalimu. Euphrase Kezilahabi alikuwa ameandika habari za binti wa Ukerewe aliyepigwa na baba yake mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, akalelewa kwa kufungiwa, kisha akaachiwa dunia bila kufundishwa kuikabili, na mwisho wake ukawa kujiua. Kipigo kile kilikuwapo tangu zamani zile za bwenini. Hatukukiona, kwa sababu tulikuwa tumeshaambiwa kitabu kinahusu nini. Nakiri kwamba hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa miongoni mwetu walikuwamo waliokuwa wakipigwa vivyo hivyo kwao, na huenda kitabu kile kingewafaa.

Kuhusu yale marufuku na makelele ya Lolita nitapita haraka, maana hayo yanasimuliwa kuliko kitabu chenyewe. Wachapishaji wa Marekani walikikataa, kikachapishwa Paris mwaka 1955 na Olympia Press, waliokuwa wakijulikana kwa kuuza vitabu vya ngono, na hapo ndipo sifa yake ilipochafuka kabla ya kusomwa. Mwishoni mwa mwaka huo Graham Greene, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikitaja katika gazeti la Sunday Times la London miongoni mwa vitabu vitatu bora vya mwaka, na John Gordon wa gazeti jingine la huko, Sunday Express, akajibu kwamba hajapata kusoma kitabu kichafu kama hicho. Ufaransa ikakipiga marufuku mwaka 1956. Kilipouzwa Marekani mwaka 1958 nakala 100,000 zilikwisha ndani ya wiki tatu. Waliokinunua kwa tamaa walikuta hamna tusi hata moja ndani yake, na nadhani wengi waliishia njiani. Mwaka ule ule Véra, mke wa Nabokov, aliandika katika shajara yake kwamba laiti wahakiki wangeona jinsi unyonge wa mtoto yule ulivyoelezwa kwa huruma, na jinsi alivyokuwa jasiri. Yaani tangu wakati ule, mtu wa kwanza kukisoma alikuwa akilalamika kwamba kinasomwa na watu wasiomwona mtoto.

Mimi nina sababu yangu ya kulishikilia hili. Katika mji huu nimeyasikia maneno ya Humbert kwa Kiswahili safi, kwenye mabaraza, kwenye matatu, hata katika chumba cha walimu: amejipeleka mwenyewe, ana haraka ya kukua, mbona hakupiga kelele. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haina utata, mtu akimnajisi mtoto wa miaka 12 kifungo chake hakipungui miaka 20, lakini mtoto hufika mahakamani akiwa ameshapewa jina mtaani, na jina hilo humtangulia kila anapoingia. Kitabu hiki kilinifundisha kusikiliza ni nani anayesimulia. Sikujifunza hilo kwa kuhubiriwa. Nilijifunza kwa kujikuta, mimi mwenyewe, nimevutwa na utamu wa maneno hadi nikamsahau mtoto kwa kurasa kumi nzima, kisha nikashtuka.

Sitamlaumu asiyetaka kukifungua. Wapo ambao yaliyomo humu waliyapitia, nao wana haki ya kuepuka kuyapitia tena, na kama moyo wako utakukataza, kirudishe wala usinieleze kwa nini. Ninachokuomba ni kwamba usikikatae kwa sababu ya yale unayoyajua.

Ukikubali, anza na dibaji, wala usiiruke kama ulivyozoea. Imeandikwa kana kwamba ni ya mtaalamu mmoja, John Ray, lakini mtaalamu huyo ametungwa na Nabokov kama walivyotungwa wengine, nayo ni sehemu ya hadithi. Humo utaambiwa mapema yaliyowapata watu kadhaa, kwa lugha kavu ya ofisini, na miongoni mwao yumo bibi mmoja anayetajwa kwa jina la mume wake tu, Bi Richard F. Schiller, katika sentensi moja ambayo utaipita bila kusita, kwa kuwa hutakuwa unamjua. Nimekuwekea kipande cha karatasi katika ukurasa huo. Liandike jina hilo hapo, kisha uendelee na hadithi, na siku utakayomaliza ukurasa wa mwisho rudi kwenye kipande hicho uisome tena sentensi ile, pole pole, kabla ya kuivua kaki.

Nisalimie watoto, na mama umwambie nitamletea halua nikijaaliwa.

Ni mimi shoga yako wa bweni moja.