Preludi ya Chopin sio kipande cha kulalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kwenye ukurasa wenu wa burudani wiki iliyopita mwandishi aligusia preludi, yaani kipande kifupi cha piano, ya Chopin, yule mtunzi wa Poland, iliyo kwenye E maina, ile namba 4 kwenye opus 28, mkusanyiko wake wa preludi 24, akasema ni kipande chepesi cha wanaoanza piano, kizuri kusikiliza ukitaka usingizi. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza.

Kifupi kweli ni kifupi, vipimo 25 tu (vile vyumba vya mapigo kwenye karatasi ya nota), dakika mbili na ushee kimeisha. Na mkono wa kulia kweli hauna kazi nyingi, sisi wa kwaya tunaosoma solfa tungeandika mi, fa, mi, fa, mi, unang'ang'ania palepale mpaka unajiuliza hivi huu wimbo unaondoka saa ngapi. Lakini jamani sikilizeni mkono wa kushoto! Sauti tatu zinapigwa pamoja, mara nane kila kipimo, na zinashuka nusu sauti nusu sauti, yaani hadi kibao cha jirani tu, tena hazishuki zote kwa mkupuo, moja inateleza wenzake wanasubiri, halafu nyingine, halafu nyingine, kwa hiyo ile mi ya juu ni ileile ila kila ikirudi ina uchungu mpya maana chini yake kila kitu kimeshahama. Kwangu mimi wimbo uko huko kushoto.

Afu kwenye kipimo cha 16 kinalipuka ghafla, mara moja tu, kinapoa tena, na karibu na mwisho kuna kimya ambacho Chopin mwenyewe amekiwekea alama kishikiliwe, ndo zinakuja zile sauti za chini kabisa kumalizia. Wengi wanakikimbia kile kimya, inaniuma sana.

Preludi zote 24 Chopin alizikamilisha kisiwani Mallorca, Hispania, majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, anakohoa, mvua inanyesha, piano yake kutoka Paris imekwama forodhani mpaka Januari. Na alipoagwa kanisa la Madeleine pale Paris, 30 Oktoba 1849, iliimbwa Requiem, misa ya wafu, ya mtunzi Mozart na preludi hii hii ikapigwa kwa kinanda cha kanisa. Sasa hiyo ndo ya kumlaza mtu?

Walimu wa piano nao nawaomba, msimpe mwanafunzi mkono wa kulia kwanza eti ndo rahisi. Apige kushoto peke yake, taratibu, vidole visiruke juu ya vibao, asikie ni sauti ipi imeshuka na ipi imebaki. Na ahesabu mbili kwa kipimo sio nne, ndivyo ilivyoandikwa, la sivyo inaburuzika mpaka inakufa njiani.

Mpiga kinanda wa kwaya,
Moshi