Torati inaitambua nafasi ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu dai linalorudiwa mara kwa mara katika barua za wasomaji na katika mahubiri, kwamba dini ya Kiyahudi ni ya sheria na adhabu tu, na kwamba kwa Torati aliyekosa wakati wake ndiyo basi tena. Dai hilo si la haki, na sura ya tisa ya kitabu cha Hesabu, kimojawapo cha vitabu vya Torati, inalikanusha waziwazi.

Waisraeli walikuwa jangwani Sinai, mwaka wa pili tangu watoke Misri, na Pasaka iliangukia tarehe 14 ya mwezi wa kwanza. Baadhi yao walizuiliwa kushiriki kwa kuwa walikuwa wamegusa maiti, na unajisi wa namna hiyo hudumu siku 7. Watu hao hawakunyamaza, bali siku ile ile walimwendea Musa na Haruni wakauliza kwa nini wao wanyimwe kutoa sadaka pamoja na wenzao. Musa hakuwa na jibu, akawaambia wangoje asikie Mungu atasema nini. Na jibu lilipokuja lilikuwa amri mpya, kwamba aliye najisi kwa ajili ya maiti, au aliye katika safari ya mbali, ataila Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa pili. Mimi naona jambo kubwa hapa: amri hii haikushuka mpaka walionyimwa walipodai.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, inajadili watu hao walikuwa akina nani. Wapo marabi wasemao ndio waliobeba jeneza la Yusufu kutoka Misri, na wapo wasemao walikuwa wamemzika maiti asiye na jamaa. Mishna, sehemu ya msingi ya Talmudi, inaupanua mlango zaidi, ikiwaingiza hata aliyekosea bila kukusudia na aliyezuiwa na jambo lisiloepukika, na Rabi Eliezer anafika mahali pa kusema kwamba safari ya mbali huanzia nje tu ya kizingiti cha ua wa Hekalu la Yerusalemu.

Wala Pasaka hiyo ya pili haikuwa makombo ya ile ya kwanza. Mwanakondoo alichomwa vilevile na kuliwa kwa mikate isiyotiwa chachu na mboga za uchungu, ingawa safari hii chachu iliruhusiwa kubaki nyumbani. Tangu Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 sadaka hiyo haitolewi, lakini hadi leo Wayahudi wengi hula kipande cha mkate usiotiwa chachu kila tarehe 14 ya Iyari, ndio huo mwezi wa pili.

Nakiri kwamba huruma hii ina masharti. Sura hiyo hiyo inaamuru akatiliwe mbali na watu wake yule aliyekuwa safi, hakuwa safarini, na bado akaacha kuitimiza Pasaka. Mishna nayo inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho, siku ya Wayahudi ya kufunga na kutubu, haimfutii mtu kosa alilomtendea mwenzake mpaka kwanza amridhishe. Hata hivyo, Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, anaeleza kwamba mkosaji akienda kuomba radhi, akarudi mara ya pili na ya tatu pamoja na rafiki zake, na aliyekosewa akashikilia kukataa, basi amwache aende zake, kwa maana sasa mwenye dhambi ni yule aliyekataa kusamehe.

Msomaji wenu,
Mombasa