Gemu ya matofali haijafa

Tanga

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na Mama anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba ile gemu yako ndogo ya mkononi ya kupanga matofali yanayoanguka, iliyoandikwa 9999 in 1, bado ipo. Lililoniudhi ni huyo fundi simu aliyeigeuzageuza tu mkononi akakuambia imekufa, kanunue nyingine. Usimsikilize. Hakulegeza hata skrubu moja, amejuaje?

Nimezifungua nyingi za aina hiyo. Mara nyingi kinachokufa si ubongo wa gemu, yaani chipu inayoiendesha, ni njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo anzia kwenye betri, ufuate njia taratibu, usiruke.

Tia betri mbili mpya za AA, zile za saa ya ukutani. Kila moja ni volti 1.5, kwa hiyo zote pamoja zinatoa 3. Isipowaka, zitoe na uzitazame springi. Gemu hizi zenye batani ya mpira ya kuwashia hazizimiki kabisa; ubongo unabaki unasubiri ubonyeze, ukinywa umeme kidogo kidogo. Betri zikisahaulika humo miaka, zinakwisha na kuvuja. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, umempata mwizi wa kwanza.

Hapa kuwa makini. Kama betri za zamani zilikuwa alkalaini, tia ndimu au siki kidogo kwenye pamba ya masikio, usugue ukoko. Utaona unatoa povu. Zikiwa zile za bei rahisi za zinki na kaboni, uvujaji wake tayari ni wa asidi, ndimu haitasaidia: kwangua, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa vyovyote, malizia kwa spiriti, acha pakauke, kisha piga msasa laini mpaka chuma king'ae. Springi iliyoliwa sana ing'oe, uweke ya rimoti mbovu.

Bado kimya? Fungua mfuniko wa nyuma. Utaona waya mwekundu na mweusi zikitoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, ule ubao wenye njia za umeme. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, gusa pale waya zilipochomelewa kwenye bodi. Ikisoma karibu na 3, umeme unafika. Ikisoma sifuri, njia imekatika, na mimi ningemshuku waya kabla ya kitu kingine. Waya huu unadanganya sana. Kwa nje plastiki yake ni nzima kabisa, lakini maji ya betri hupanda kwa ndani. Nilipomenya mmoja juzi, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi tii na zikakatika vidoleni. Risasi ya kuchomelea haishiki kwenye shaba ya namna hiyo, utachomelea mpaka uchoke. Kata mpaka ufikie shaba nyekundu, au weka waya mpya. Ni rahisi zaidi.

Kama umeme unafika na bado haiwaki, tazama batani. Chini ya kila batani ya mpira kuna kidoti cheusi cha kaboni kinachogusanisha njia mbili za bodi. Gemu ikiwa wazi na betri zikiwa ndani, gusanisha njia mbili za batani ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Volti 3 hazikufanyi kitu. Ikilia ile sauti yake, basi ni uchafu tu: safisha bodi kwa spiriti, na kidoti kifute polepole kisije kikabanduka.

Ikilia lakini kioo hakionyeshi safu fulani, usikate tamaa. Uwanja wa mchezo una vimiraba 200, 10 kwenda upande na 20 kwenda juu, na safu nzima ikipotea kwa kawaida ni mguso kati ya kioo na bodi. Zipo zinazotumia kipande cha mpira chenye mistari myembamba. Kitoe, kifute kwa spiriti, kirudishe palepale, kisha kaza skrubu sawasawa pande zote. Zenye utepe uliogundishwa usiuvute. Hiyo niletee mimi.

Linabaki lile tone jeusi gumu katikati ya bodi. Ubongo uko chini yake, na huo ukiungua hakuna fundi wa kuuponya. Lakini usikubali kufika hapo kabla hujapima yote niliyokuandikia. Na ukifika, usiitupe: kioo chake na mpira wa batani nitavihitaji, nina mbili hapa zinazosubiri vipuri.

Pima kwanza waya, uniandikie mita imesoma ngapi. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi swahiba wako.