Mjomba, walifuga farasi humo na bado limesimama

Marseille, Jumapili usiku

Kwako Mjomba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, kazi za watu zinakwenda, na ule upepo wa kaskazini niliokuwa nikiulalamikia kila simu umepunguza makali. Hofu ni kwenu nyinyi, hasa Mama Mkubwa na goti lake. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi, na kwa ulivyokuwa ukifoka hata abiria wa kiti cha mbele aligeuka. Umesema nyumba ya Bibi haikai mpangaji maadamu wewe u hai, ati atapigilia misumari ukutani na kutia masizi jikoni. Sawa, nimesikia. Suala hilo nitalifikia humu humu, usiniharakishe. Kwanza nikuhadithie hekalu la kale la Warumi nililoliona jana, maana katika ukoo mzima wewe tu ndiye utakayeuliza maswali ya maana.

Jirani yangu, yule mama wa Kingazija anayenipikia mkate wa sinia, ana mdogo wake mji wa Nîmes, huku huku Ufaransa, aliyejifungua, basi tukaenda kumpa hongera. Wangazija hapa Marseille wamejaa tele. Yeye hunisemesha Kingazija chake, mimi humjibu Kiswahili changu, na mambo yanakwenda. Kwa treni ni saa moja na ushei. Tumekula, tumembeba mtoto, mtoto kalala, na mimi nikawaaga nikazunguke mji.

Mji wenyewe zamani uliitwa Nemausus, ukiwa koloni la Warumi wakati wa mfalme wao Augustus. Nembo yake hadi leo ni mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende. Nilishangaa, mamba na Ufaransa wapi na wapi? Kumbe ni mamba wa Mto Nile. Augustus na jemadari wake Agrippa walipomshinda Antonius na malkia Cleopatra katika vita vya baharini vya Actium, mwaka 31 kabla ya Kristo, Misri ikaingia mikononi mwa Roma, na sarafu za mji huu zikapigwa muhuri wa mamba yule aliyefungwa. Sasa wamemtia kila mahali, mpaka kwenye vichwa vya shaba vilivyopigiliwa barabarani. Mnyama wa kwetu Afrika anakanyagwa na watalii, naye yuko minyororoni kwa miaka elfu mbili. Sikulipenda, lakini nililipiga picha.

Hekalu lenyewe wanaliita Maison Carrée. Limesimama katikati ya mji, magari yanapita pembeni, vijana wamekaa kwenye mikahawa wanakunywa kahawa wakilitazama. Najua utauliza nimefuata nini kwenye nyumba ya masanamu. Tulia. Sanamu liliondoka zamani, na hata enzi zake watu wa kawaida hawakuwa wakiingia ndani kusali. Kafara ilichinjwa nje, kwenye madhabahu mbele ya ngazi. Kile chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu na vitu vyake.

Sasa sikiliza vipimo. Jengo lina urefu wa mita 26 na ushei, upana mita 13 na nusu, limekaa juu ya msingi ulionyanyuka karibu mita 3 kutoka chini. Halina njia ya kulipandia ila kwa mbele, ngazi 15. Hesabu hiyo ni ya makusudi. Mjenzi wao mmoja, Vitruvius, aliandika kwamba ngazi za hekalu ziwe witiri, ili mtu akianza na mguu wa kulia afike juu kwa mguu wa kulia. Nilipanda nikihesabu, nikafika juu na wa kulia kweli, kama tunavyoutanguliza sisi kuingia msikitini.

Nguzo ziko 30. Kumi zimesimama peke yake barazani, sita zikiwa za mbele. Hizo 20 zilizobaki si nguzo huru, nusu ya kila moja imezama ukutani, kwa hiyo ukiwa mbali unaona jengo lote limezungukwa na nguzo, ukisogea unagundua ni ukuta uliovaa nguzo. Ujanja huo ungekufurahisha. Jiwe ni la chokaa, jeupe linaloelekea umanjano, limechimbwa machimbo ya Lens, si mbali na mji. Vipande vikubwa vimechongwa vikaletwa sawa hadi vikakaa pamoja bila chokaa katikati. Nilipitisha ukucha kwenye maungio, mahali pengine haukuingia. Halafu nikaweka kiganja kwenye mfereji wa nguzo, ile michirizi iliyochongwa kutoka juu hadi chini, kikaenea sawasawa. Kingo zimemomonyoka sehemu za chini, pale mikono na mabega ya watu yanapofikia. Juu, kwenye vichwa vya nguzo, majani ya mawe yamejikunja na meno yake yote, hadi unaona mishipa ya jani. Wewe uliyemaliza macho kwenye nakshi za milango ungesimama pale mpaka walinzi wakufukuze.

Ila kilichonishika zaidi ni matundu. Juu ya nguzo za mbele kuna ukanda wa jiwe, na ukanda huo umetobolewa vitundu vingi ovyo ovyo, ungedhani risasi za bunduki. Zamani palikuwa na maandishi ya herufi za shaba, kila herufi imeshikizwa kwa vijipini vilivyoingia ndani ya jiwe. Watu wa karne za kati wakaziondoa. Shaba ni shaba, ikayeyushwa ikawa kitu kingine. Basi kwa mamia ya miaka hakuna aliyejua jengo ni la nani. Wako waliodai ni la Plotina, malkia wa Warumi, kila msomi akawa na hoja yake. Akatokea mtu wa mji huo huo, Jean-François Séguier, mtaalamu wa mimea kwa kazi yake. Mwaka 1758 akapanda juu, akanakili matundu yote tundu kwa tundu, kisha akakaa nayo. Herufi moja ina vijipini viwili, nyingine vitatu, nafasi kati yake inabadilika. Akawa anajaribu herufi juu ya matundu mpaka maneno yakajitokeza: kwa Gaius Caesar na Lucius Caesar, wana wa Augustus, viongozi wa vijana. Yaani kasoma maandishi ambayo hayapo, kwa kufuata misumari yake.

Vijana hao walikuwa wajukuu wa Augustus, watoto wa Agrippa na Julia, binti wa Augustus. Babu yao akawafanya wanawe ili warithi ufalme. Lucius akafariki mwaka wa 2 baada ya Kristo, akiwa na miaka 18 tu, na unajua alifia wapi? Hapa hapa Marseille ninapokuandikia. Mwaka wa 4 kaka yake naye akafa mbali, upande wa Uturuki ya leo, kwa jeraha la vita. Ufalme ukaenda kwa Tiberius, mtoto wa kambo ambaye babu hakumpenda sana. Mirathi, Mjomba. Hata wenye dunia yao iliwashinda.

Kilichobaki ni jengo, na hapa ndipo ninapokutaka uvae miwani. Nilikuwa nafikiri limedumu kwa sababu limejengwa imara. Ni kweli limejengwa imara. Lakini lilisimama kwenye uwanja mkuu wa mji, limezungukwa na kumbi ndefu zenye nguzo za fundi wale wale, jiwe lile lile. Za kumbi hizo umebaki unyayo tu. Unaziona pembeni ya hekalu, vitako vya nguzo chini kwenye shimo, mawe mengine yamekwenda kujenga nyumba za watu. Hekalu likapona kwa kuwa halikuwahi kukosa mtu. Liliwahi kuwa ukumbi wa baraza la mji. Likawa nyumba ya mtu binafsi. Katika karne ya 17 bwana mmoja mwenye mali akaligeuza zizi la farasi. Farasi, Mjomba, na mavi yao, kati ya nguzo zile! Mwaka 1670 watawa wa Kiagustino wakalinunua wakalifanya kanisa. Yakaja mapinduzi ya 1789, serikali ikalichukua, likawa ofisi ya jimbo na ghala la nyaraka. Kuanzia 1823 ni makumbusho. Kila aliyeingia alipigilia misumari yake na kutia masizi yake, na kila aliyeingia aliziba paa, maana hataki kulowa.

Wanasema hata Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, aliwahi kutaka livunjwe jiwe kwa jiwe lipelekwe Versailles. Bahati halikuondoka.

Mji huo una pia uwanja wa michezo wa Warumi, Les Arènes, na habari yake ni hiyo hiyo. Uliingiza watazamaji kama 24,000. Warumi walipoondoka watu wakahamia ndani, wakajenga nyumba zao kwenye matao, na karne ya 18 walikuwa wakiishi humo watu wapatao 700, na makanisa mawili. Fikiria mtaa mzima ndani ya uwanja wa mpira. Waliwatoa baadaye, wakasafisha, na leo wanachezea ng'ombe humo na kufanya matamasha. Sikuingia, tiketi ilinishinda na mambo ya kuchoma ng'ombe mikuki siyataki.

Nisikufiche lingine, usije ukalisikia kwa mtu. Kwenye bustani ya Jardins de la Fontaine kuna gofu wanaloliita hekalu la Diana. Hilo nalo lilikuwa na watu, masista waliishi humo karne nyingi. Likaja kubomolewa katika vita vya dini vya karne ya 16, Wakatoliki na Waprotestanti walipochinjana. Kwa hiyo kukaa watu si dawa ya kila kitu. Wenyewe wakigombana, jengo linaanguka na watu wake ndani. Maneno haya yafikishe kwa Baba Mdogo kwa namna utakayoona inafaa.

Ndani ya Maison Carrée penyewe hapana kikubwa. Unalipa kiingilio, unakuta maonyesho ya historia ya mji, unatoka. Uzuri wote uko nje. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la vioo na vyuma vyembamba, Carré d'Art, la msanifu majengo Mwingereza Norman Foster, lilifunguliwa 1993. Ni maktaba na nyumba ya sanaa za kisasa. Lina ghorofa tisa, lakini nusu yake wameizika ardhini lisije likampita mzee kimo. Adabu hiyo niliipenda kuliko jengo lenyewe. Mwaka 2023 UNESCO wakaliingiza hekalu katika urithi wa dunia, kwenye kikao kilichofanyika Riyadh. Na Wamarekani wa Virginia bunge lao wamelijenga kwa kuiga sura yake, baada ya Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wao, kulipenda kwa kuliona kwenye michoro tu. Alipokuja kulitazama kwa macho, 1787, aliandika kwamba anakaa saa nzima nzima akilikodolea kama mtu na mpenzi wake. Makubwa.

Siku ukipata pasi nitakupeleka pia Pont du Gard, daraja la maji la Warumi, matao safu tatu, mita 49 kwenda juu. Mfereji wake ulikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi kuleta maji mjini, na mteremko wake wote, mwanzo hadi mwisho, mita 12 na ushei. Chukua pima maji yako uniambie walifanyaje.

Sasa nyumba. Bibi alipofariki mkafunga kufuli, mkasema isikae mtu mpaka mirathi iishe. Mirathi haijaisha, paa la upande wa ua limekwisha. Picha alizonitumia binamu nimezikuza: mche wa mkuyu umeota juu ya ukuta wa mtoni, boriti mbili zimelegea, na lipu inadondoka kwa mafungu pale maji yanapopita. Kuta za tumbawe alizozijenga baba yake Bibi hazikuharibiwa na mpangaji, Mjomba. Mpangaji hajawahi kuwako.

Yule mwalimu wa madrasa mwenye watoto wanne, aliyepandishiwa kodi, bado anatafuta pa kukaa. Mpeni aingie. Asilipe kitu mwaka huu, sharti lake ni moja, aezeke upande wa ua kwa mabati nitakayonunua mimi, na wewe umsimamie. Muandikishane kwa mjumbe, ibainike kwamba si mauzo wala hati ya mtu haiguswi, ili Baba Mdogo na Shangazi wasipate la kusema. Watoto watachora ukutani. Wachore. Wewe utapaka chokaa Ramadhani ikikaribia kama ulivyokuwa ukifanya Bibi akiwa hai, na utagombana nao kwa raha zako.

Fedha nitazituma mwisho wa mwezi kwa simu ya binamu, laini yako inagoma. Uniandikie bei za mabati za Tanga na za hapo Pangani, nijue tofauti, usinipe bei ya ndugu wa ughaibuni. Na mkuyu ung'olewe na mizizi kabla masika hayajakolea, wewe unajua kuliko mimi.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie dawa ya kuchua nimeshampa mtu anayekuja mwezi ujao. Nisalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia.

Wasalaam,
Mpwa wako