Wazee wetu na namba ya siri

Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mnakusudia kuwafundisha wazee wa mtaa wenu matumizi ya simu. Umeniuliza kama mwanze kwa kuchangisha fedha za kununua simu janja. Kwa maoni yangu, hapana. Anzeni na kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza ambayo mzee tayari anayo mfukoni, na somo la kwanza liwe namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu.

Nasema hivyo kwa sababu wazee wengi tunaowahesabu kuwa watumiaji wa simu hutumiwa fedha tu, ila kuzitoa ni kazi ya wengine. Fedha anazotuma mtoto kutoka Dar es Salaam, au ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa wale wanaoipokea kwa simu, humfikia mzee kupitia kwa mjukuu au wakala, na huyo msaidizi ndiye anayeikariri namba ya siri. Mara nyingi ni mwaminifu. Hata hivyo, mtu mzima asiyeweza kujua ana shilingi ngapi mpaka amuulize mtoto wa darasa la sita hana tena siri yake mwenyewe, na mjukuu akishapelekwa shule ya bweni, mzee hubaki na fedha asizoweza kuzigusa. Hilo linaniuma kuliko suala la nani ana intaneti na nani hana.

Baada ya namba ya siri, wafundisheni kuangalia salio, kwa kuwa hiyo ndiyo kinga yao kubwa dhidi ya matapeli. Unaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao humnasa mtu aliyekuwa kweli anajiandaa kumtumia mwenzake fedha. Upo pia ule wa kudai kwamba fedha zimeingia kwako kimakosa, ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia arudishiwe. Mzee anayejua kuangalia salio atagundua papo hapo kwamba hakuna kilichoingia. Wazoesheni vilevile kulisoma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha muamala, na kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Vikwazo vingine havihusiani na elimu hata kidogo. Menyu ya M-Pesa, ile ya *150*00#, haimsubiri mtu: mzee asiye na miwani ya kusomea huwa hajamaliza mstari wa pili, nayo imeshatoweka, kisha tunasema hajui. Utakumbuka pia usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 20, 2020, jinsi ulivyowasumbua watu ambao vidole vyao vimesuguliwa na jembe kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kama mna fedha za kuchangisha, nunueni miwani.

Kuhusu walimu, nina shaka na mpango wenu wa kuwatumia vijana peke yao. Kijana humpokonya mzee simu, akasema "lete nikufanyie", akabonyeza haraka na kuirudisha, na mzee akashukuru bila kujifunza chochote. Wazee hawa si wageni wa kusoma ukubwani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 vikundi vya wanavijiji vilikaa kando ya redio nchi nzima kufuata masomo ya kampeni ya afya ya "Mtu ni Afya". Mwenye miaka 75 leo alikuwa kijana wakati huo, na pengine alikuwamo. Waketisheni basi katika vikundi vidogo vya rika lao, kila mmoja akiwa na simu yake mkononi, kijana akae pembeni kusubiri kuulizwa. Wale wasiojua kusoma wapewe nafasi yao, kwani hata kutumiana ujumbe wa sauti na watoto walio mbali, pale simu janja itakapopatikana, hakuhitaji herufi.

Niandikie kama serikali ya mtaa imekubali kuwapa chumba, na kama kina mama watakutana siku moja na wanaume au siku yao peke yao. Kwa jinsi ninavyoujua mtaa wenu, ningewatengea siku yao.

Wasalaam,
Rafiki yako